Betri Niliyoingojea

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mbona waenda Malindi kwa matatu na gari letu liko uani?" Nilimjibu kwa maneno machache ya kumridhisha mtoto. Jibu kamili ni refu zaidi, tena lina aibu kidogo ndani yake. Leo nimeona heri nilieleze hapa, huenda likamfaa mwingine.

Miaka minne iliyopita, baada ya kustaafu ualimu, nilinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani. Nilivutiwa na utulivu wake: halina mngurumo, halitoi moshi, na umeme wa nchi yetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na maji, na upepo. Muuzaji aliniambia kwamba likijaa huenda kilomita 150. Lilipotua Mombasa lilikuwa likienda 110, na baada ya miaka mitatu ya joto letu la pwani halikuzidi 75.

Sababu yake niliijua nimeshachelewa. Betri za lithiamu hazipendi joto. Umeme wake huhifadhiwa kwa kemikali, na joto huharakisha kuchakaa kwa kemikali hizo, hasa betri inapoachwa imejaa pomoni. Magari mengi ya siku hizi hupoza betri kwa maji yanayozunguka ndani ya mabomba. Langu ni la zamani, halina ila hewa inayopita chini yake. Nami kwa kutojua nilikuwa nikilijaza hadi asilimia 100 kila usiku, kisha nikaliacha juani mchana kutwa.

Kutoka kwangu hadi kwa mama yangu, Malindi, ni takribani kilomita 120. Hapo mwanzo nilikuwa nikitua Kilifi, nusu ya njia, nikachaji kwa rafiki yangu kwa saa mbili huku tukinywa kahawa, kisha nikaendelea. Betri ilipodhoofu, saa mbili zikawa tano. Nikaanza kuahirisha. Kila nilipompigia simu nilimwambia, "Mama, subiri kidogo. Betri mpya ikipatikana nitakuja kila wiki, inshallah." Mwezi ukapita, wa pili ukafuata. Katika miezi minane nilikwenda mara mbili tu.

Katika kungoja huko sikuwa peke yangu. Tuko wachache wenye magari haya mjini, na tukikutana barazani baada ya alasiri mazungumzo huwa ni yale yale. Mmoja hutumaini betri ya kilowati-saa 40 itakayoingia mahali pa ile ya 24. Mwingine huzisifu betri za chuma na fosfeti, zinazostahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi, tena hazihitaji kobalti ile wanayoichimba kwa taabu wenzetu wa Kolwezi, Kongo. Wa tatu hungoja betri za yabisi, ambazo Toyota imetangaza kwamba inakusudia kuzitia magarini miaka ya 2027 na 2028. Matumaini hayo si ndoto tupu. Mwaka 2010 betri ya lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa; kwa hesabu za BloombergNEF, mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Kitu kikishuka bei namna hiyo, nani asiyesema, "Ngoja mwakani"?

Lakini bei ya kiwandani si bei ya Mombasa. Betri ya gari langu ina uzito wa karibu kilo 300. Ipo nauli ya meli, upo ushuru, yupo na fundi. Hata ikifika, haitoshi kuifunga kwa bolti: kompyuta ya gari lazima iitambue, la sivyo gari haliwaki. Na hizo betri bora zinazotangazwa, nyingi zimeundwa kwa ajili ya magari mapya, si kwa kongwe kama langu. Nilijiwekea akiba ya shilingi 250,000 kwa siri, hata mke wangu asijue, nayo haikufika nusu ya bei niliyotajiwa.

Kisha jirani yake mama akanipigia simu. "Kaka, njoo umtazame mama. Haoni vizuri." Nilipanda matatu siku ile ile. Nilimkuta ameketi mkekani, kofia ya viua mapajani, sindano mkononi haina uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku uso wake ukinitafuta. Kofia ile alikuwa akinishonea mimi. "Nimeshindwa kutunga uzi," alisema. Macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho.

Nilimuuliza mbona hakuniambia. "Ulisema waja," akanijibu, "nikasema utaona mwenyewe." Nikaanza tena hadithi ya betri, kilomita na bei. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, mimi singoji betri. Nakungoja wewe."

Sikuwa na la kusema. Matatu niliyoipanda asubuhi ile ilikuwapo miezi yote minane, ikipita barabarani kila saa.

Akiba ya betri ndiyo iliyolipa upasuaji wa macho, jicho moja kwanza, na la pili baada ya wiki kadhaa. Mke wangu alipojua fedha zilikotoka alicheka, akasema afadhali zimepata njia.

Zilizobaki nilimpelekea kijana mmoja fundi aliyejifunza magari haya. Alipoipima betri aliniambia, "Mwalimu, betri yako haijafa. Ina moduli 48, na tatu kati yake ndizo zinazoziangusha nyingine." Alinifafanulia kuwa ni kama watu wabebao mzigo kwa mpiko: mmoja akichoka, wote hutua. Moduli dhaifu ikiisha umeme, kompyuta hulizuia gari lote, hata kama nyingine bado zina nguvu. Alizitoa tatu zile, akatia nyingine kutoka gari lililopata ajali. Ni kazi ambayo asiyejua asiiguse kamwe, maana umeme uliomo hupita volti 300, nao huua. Aliniusia pia nisilijaze kupita asilimia 80 ila nikiwa na safari, na niliegeshe kivulini.

Sasa linakwenda kilomita 95. Hazinifikishi Malindi kwa mkupuo mmoja, lakini zatosha kabisa kuwapeleka wajukuu chuoni, kumpeleka mke wangu sokoni Kongowea, na kumkimbiza jirani hospitali usiku. Gari lile lile nililokuwa nikiliona nusu gari, limetufaa hivyo kila siku, nami sikulishukuru kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye betri isiyokuwapo.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi mtu asitumaini. Betri bora zitakuja, nami nikijaaliwa nitakuwa miongoni mwa watakaoulizia bei mapema. Ila sitamwekea tena mtu ahadi juu ya kitu ambacho hakijapakiwa hata melini, wala sitalitumia neno inshallah kufichia uvivu wangu.

Kila Alhamisi napanda matatu ya Malindi. Wiki iliyopita mama alinivisha ile kofia, imekwisha. Vishimo vya upande mmoja ni vikubwa na vimepinda kidogo. Vya upande wa pili vimenyooka kama alivyokuwa akishona zamani. Aliniomba aufumue ule upande uliopinda aushone upya. Nilimwambia auache vivyo hivyo.