Mbwa Namba Moja

Karo yangu ya mwaka wa pili ilikulwa na mbwa. Mbwa wa kompyuta, wale hukimbia kwa skrini ya duka la kubeti kila baada ya dakika chache. Sita kila mbio. Mimi nilikuwa mtu wa namba moja, mwenye jezi nyekundu. Mbio ikiisha wanapotea, wengine wanaingia. Sikuwahi kujiuliza wanaenda wapi. Waende wapi na ni picha tu?

Nikaacha chuo, nikaanza kuandikia watu makala mtandaoni. Mwaka jana mteja akanipa mada: mbwa wa mbio waliostaafu. Hawa ni wa kweli, aina ya greihaundi, wengi wana tatuu ya utambulisho ndani ya sikio. Wanastaafu wakiwa na miaka minne au mitano hivi, na wanaweza kuishi zaidi ya kumi.

Kilichonikwama ni ripoti ya 2016 ya tume ya uchunguzi kule New South Wales, Australia. Ilikadiria kwamba kwa miaka 12, mbwa waliouawa kwa kukosa kasi au kutofaa kwa mbio walikuwa kati ya 48,891 na 68,448. Soma tena. Tofauti ni karibu 20,000. Mbwa akikimbia, muda wake unapimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Akiacha kukimbia, hesabu inapishana kwa maelfu.

Serikali ya jimbo ilitangaza kupiga marufuku mbio hizo, kisha miezi michache baadaye ikabadili nia. Tume mpya ya usimamizi ilianza kazi 2018, na moja ya kazi zake ni kufuatilia mbwa tangu kuzaliwa hadi kufa: yuko na nani, amehamia wapi, amekufaje. Najua rekodi haimlishi mbwa. Lakini mtu akijua ataulizwa, kuchimba shimo usiku kunakuwa kugumu.

Juzi niliingia kwa tovuti ya chuo. Namba yangu ya usajili bado inafungua. Deni liko pale, hadi senti. Hakuna mahali panapouliza nilienda wapi.

Anayeuliza ni mamangu, kila Jumapili. "Uko wapi? Umekula?" Anajua niliacha chuo. Hajui karo ilienda wapi.

Jumapili hii akipiga, nitamwambia.