Bibi Harusi Asiyelala na Pipi za Shangazi



Leo tunakuleteeni kisa cha nyumbani kwetu, na mwenyewe ametupa ruhusa. Mdogo wetu aliolewa Mfunguo Mosi. Wiki tatu kabla ya harusi, usingizi ulimkataa. Mchana fundi nguo, jioni somo, usiku macho makavu mpaka adhana ya Alfajiri. Simu nayo hailali: sare haijatosha, ukumbi unadai pesa iliyobaki, mgeni fulani hajaalikwa na ameshanuna.

Shangazi yetu anayeishi Marekani alikuja na chupa ya pipi laini za melatonini. "Mpeni, kule zinauzwa dukani kama vitamini," akasema. Kila pipi miligramu 5. Usiku huo mdogo wetu alikula moja saa sita, simu mkononi. Nusu saa ikapita, hola. Akaongeza mbili.

Alfajiri tulimwamsha, hakuamka. Aliamka saa tatu asubuhi, kichwa kizito, anayumba. Mama alishaanza kumsomea, akidhani mwari kapigwa jicho. Mdogo wetu alilia kwa Swala iliyompita. Tukamwambia aliyelala hana dhambi, aiswali sasa hivi. Lakini sisi dada zake tuliona haya. Tulimpa kitu tusichokijua.

Tukaenda naye duka la dawa, kwa mama mmoja mfamasia. Alitusikiliza, kisha akatueleza taratibu.

Melatonini ni homoni. Tezi ndogo ndani ya ubongo huitoa giza linapoingia, kuuambia mwili kwamba usiku umefika. Haikupigi ukalala kama dawa kali za usingizi. Ni kama mwadhini: anakuita, hakubebi. Mwanga wa simu usoni huizuia isitoke, kwa hiyo mdogo wetu alikuwa akimeza usiku huku ameshika mchana mkononi. Wanaoshauriwa kuitumia huanza na kiwango kidogo, saa moja au mbili kabla ya kulala, si usiku wa manane, na kwa muda mfupi. Humsaidia zaidi aliyesafiri mbali saa zikamgeuka, au ambaye usingizi wake huchelewa kila siku.

Na hiyo chupa? Marekani huuzwa kama kirutubisho, haikaguliwi kama dawa kabla ya kufika dukani. Uingereza huipati mpaka daktari akuandikie. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha vipimo vya bidhaa 31 za melatonini. Nyingi hazikulingana na kilichoandikwa kwenye chupa, na moja ilikizidi kwa zaidi ya mara nne. Halafu pipi laini nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Sisi tunaosoma kila pakiti ya biskuti, hii hatukuisoma!

Kisha akauliza, "Mwanangu, kuna dawa nyingine unayotumia?"

Mdogo wetu akatutazama, akainamisha kichwa. Alishaanza vidonge vya uzazi wa mpango, wamekubaliana na mwenzake wasubiri kidogo. Mfamasia hakumcheka wala hakumuuliza zaidi. Alisema vidonge hivyo huufanya mwili uchelewe kuiondoa melatonini, ndiyo maana uzito ule ukaweza kuendelea mpaka asubuhi. Mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda au ya presha naye aulize kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha waache, mpaka daktari aseme.

Chupa tukaiweka kando. Kuanzia usiku ule, baada ya Isha simu zote za nyumba ziliingia kwenye kapu la Mama. Taa kubwa ikazimwa. Mdogo wetu akatia udhu, akasoma nyiradi zake, akalala kwa ubavu wa kulia, sisi huku na huku kama tulivyokuwa watoto.

Usiku wa pili, gizani, ndipo alipozungumza. "Nikiondoka, nani atamkumbusha Mama vidonge vyake vya presha?"

Kumbe hilo ndilo lililomkesha. Si sare, si ukumbi. Tulinyamaza, kisha tukagawana siku, mmoja wetu Jumamosi mpaka Jumatatu, mwingine zilizobaki. Hakulala papo hapo, tusikudanganyeni. Ila wiki ile usingizi ulirudi kidogo kidogo, na siku ya akdi aliamka mwenyewe kwa adhana.

Hatusemi dawa ni mbaya. Kutafuta tiba tumeamrishwa, na ukikosa usingizi wiki nyingi muone daktari. Tunachosema, bibi harusi wetu: muulize mfamasia kabla hujameza, mwambie kila unachotumia, hata kile cha siri. Na nyinyi dada zake, zimeni taa mkae naye. Huenda ana neno.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu usingizi mwema na nyumba zenye utulivu. Amin.