Zaïko Langa Langa na meza ya ndugu wawili sokoni Pinga

PINGA – Kila asubuhi, kabla ya akina mama kumaliza kupanga mihogo na ndizi sokoni, fundi mmoja wa redio hufungua kibanda chake, huweka sola juu ya mabati na kuwasha bafle moja iliyopasuka upande. Wimbo wa kwanza si wa kanisani wala si wa vijana wa sasa. Ni wa Zaïko Langa Langa. Majirani wameshazoea. Wanaouliza ni watu wa familia zilizokimbia vita, wanaolala katika nyumba za wenyeji na kuja hapa kuchajisha simu.

"Papa, kwa nini kila siku hii miziki ya wazee?" msichana mmoja alimuuliza juma lililopita.

Fundi, ambaye umri wake umepita miaka 60, alimaliza kwanza kuunganisha waya wa redio aliyokuwa ameshika. Kisha akasema: "Hawakuwa wazee, binti yangu. Walikuwa watoto wa shule."

Alisema kweli. Zaïko ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, mkesha wa Noeli. Jossart N'Yoka Longo, ambaye leo ndiye mkubwa wa bendi, alikuwa na miaka 16. Jules Shungu Wembadio, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Papa Wemba, alikuwa na miaka 20. Mpiga gitaa Manuaku Waku naye alikuwa kijana mdogo. Wakati ule Kinshasa ilikuwa ya Franco na OK Jazz yake, na ya Tabu Ley Rochereau. Rumba yao ilikuwa ya watu wazima, yenye saksafoni na tarumbeta, ya kucheza taratibu.

Vijana wa Zaïko waliacha tarumbeta. Walichukua magitaa ya umeme na ngoma za kizungu, wakaweka waimbaji wengi mbele kwa pamoja, wakaharakisha sehemu ya mwisho ya wimbo, ile inayoitwa sebene, hadi mchezaji akose pumzi. Kwa sikio lililozoea rumba ya wakubwa, ilikuwa kelele. Miaka ile ile, huko Birmingham, Uingereza, vijana wa kundi la Black Sabbath nao walikuwa wanaongeza nguvu ya magitaa hadi wazazi wazibe masikio. Mtindo wao uliitwa hevi metali. Black Sabbath waliaga jukwaa Julai 2025, huko huko Birmingham. Zaïko haijaaga. Fundi hupenda kuwaambia vijana jambo hilo wanapomcheka.

Yeye aliijua Zaïko kupitia redio ya baba yake. Usiku, sauti ya Voix du Zaïre ilifika hadi huku milimani, ikipotea na kurudi. Mawe ya redio yalipoisha nguvu, yeye na mdogo wake waliyaanika juani mchana kutwa ili yapate uhai wa nusu saa. Nusu saa hiyo waliitunza kwa ajili ya muziki. Habari walimwachia baba aende kuzisikiliza kwa jirani.

Kilichowashika watoto hao wawili ni ngoma. Karibu 1973, Zaïko ilitoa mdundo ulioitwa cavacha. Hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni kwamba wanamuziki walikuwa ndani ya treni, wakasikia magurudumu yakigonga reli, na mpiga ngoma Meridjo Belobi akaugeuza mgongo huo kuwa mdundo. Mtu wa Pinga hana treni ya kulinganisha. Lakini ukisikiliza ngoma ile ndogo inavyogonga bila kuchoka, unaelewa kwamba kuna kitu kinasafiri. Nacho kilisafiri kweli: bendi za Wakongo zilizohamia Nairobi, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, ziliupeleka mdundo huo hadi kwa watu wasiojua neno moja la Kilingala.

Ndugu hao wawili walijifunza ufundi pamoja kwa fundi mmoja aliyekuwa amefanya kazi mjini. Baadaye wakafungua meza yao hapa Pinga. Mkubwa alishughulika na redio, mdogo na saa na mashine za kaseti. Kazi ilipopungua walipiga cavacha kwa bisibisi juu ya meza, mmoja akishika mdundo na mwingine akifuata gitaa kwa mdomo.

Historia ya Zaïko ni historia ya watu kuondoka. Bendi ilikuwa bado haijafikisha miaka mitano ya sifa kubwa pale Papa Wemba, Evoloko Jocker, Mavuela Somo na Bozi Boziana walipotoka mwishoni mwa 1974 na kuunda Isifi Lokole. Hiyo nayo ikavunjika, ikazaa Yoka Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaanzisha Viva La Musica, na humo wakapita vijana kama King Kester Emeneya na Koffi Olomide. Mwaka 1980 Manuaku Waku, ambaye wengi waliamini gitaa lake ndilo Zaïko yenyewe, akaenda kuunda Grand Zaïko Wawa. Mwaka uliofuata zikaja Langa Langa Stars za Evoloko. Bozi Boziana, aliyekuwa amerudi, akatoka tena, na baada ya safari ndefu akawa na Anti-Choc yake.

Kila mara watu wa Kinshasa walisema: sasa imekwisha. Kila mara N'Yoka Longo alibaki, akatafuta vijana wengine, akapiga.

Halafu ikaja 1988. Bimi Ombale, mwimbaji mwenye sauti laini kuliko wote, pamoja na mpiga ngoma Ilo Pablo na wengine, waliondoka na kuunda Zaïko Langa Langa Familia Dei. Safari hii waliondoka na jina pia. Zikawa Zaïko mbili. Upande wa N'Yoka Longo ukajiita Nkolo Mboka, yaani mwenye mji.

Fundi anaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Ndio mwaka ambao mdogo wake alikunja vitambaa, akagawa vifaa nusu kwa nusu mbele ya wateja, akaenda Mweso kufungua kibanda chake. Juu ya mlango huko Mweso aliandika jina lile lile la kibanda cha Pinga. Mkubwa alipopata habari hiyo hakula siku hiyo. Kwake, vifaa vilikuwa vyuma tu. Jina lilikuwa la baba yao.

Hawakusemeshana kwa miaka mingi. Watu wa ukoo walijaribu, padri alijaribu. Mkubwa aliwajibu kwamba Nkolo Mboka ni yeye. Mdogo, kule Mweso, alinunua kaseti za Familia Dei na kuzipiga kwa sauti kubwa siku za soko, akijua kwamba wafanyabiashara wa Pinga watakaopita wataipeleka habari.

Mtu anayeipenda bendi sana huisikiliza kama mtu wa upande mmoja. Fundi anakiri hilo sasa. Kwa miaka ile yote hakutaka hata kukubali kwamba Bimi Ombale aliimba vizuri baada ya kuondoka. Alishika miaka ya 1970 akasema hapo ndipo Zaïko ilipoishia kuwa tamu. Hata atalaku hakuwapenda. Hao ni wapiga kelele walioingia Zaïko mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nono Monzuluku na Bébé Atalaku, wenye kutikisa kopo la dawa ya wadudu lililojazwa mbegu na kuwaita wachezaji. Leo bendi nyingi za Kongo zina atalaku. Mkubwa aliona ni fujo. Mdogo aliona ndiyo roho ya muziki, na kwake hakuna kitu kilichopita ngoma ya zekete zekete, au santuri ya Nippon Banzai ya 1986, mwaka ambao Zaïko ilikwenda kupiga hadi Japani.

Vita ndivyo vilivyowakutanisha. Katika mapigano ya 2012 na 2013, wakati Pinga ilipokuwa inatoka mikono hii na kuingia mikono ile, mji ulibaki karibu mtupu. Fundi alitoka na mke, wajukuu wawili, godoro moja na mfuko wa kaseti. Njiani, baada ya Kalembe, mtoto mmoja alichoka kutembea. Ilibidi achague cha kubeba mgongoni. Mfuko wa kaseti aliuweka chini ya mti, akaufunika kwa majani, akambeba mtoto. Hakuukuta tena.

Walifika Mweso usiku. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwenye mlango wenye jina la baba yake. Mdogo wake alifungua, akamtazama, akasema tu: "Yaya, ingieni." Akawapikia ugali mwenyewe kwa sababu mke wake alikuwa amelala mgonjwa. Asubuhi, bila kuuliza kitu, alisogeza vifaa vyake upande mmoja wa meza. Upande wa pili ukabaki wazi.

Mkubwa alikaa kwenye meza hiyo miezi mingi. Na hapo, anasema, alisikia jambo ambalo hasira ilikuwa imemzuia kulisikia. Kwenye kaseti za Familia Dei, za Viva La Musica, za Grand Zaïko Wawa na za Anti-Choc, mdundo ulikuwa mmoja. Kila aliyetoka alitoka nao. Hakuna aliyeweza kuugawa nusu kwa nusu, na aliyebaki hakupungukiwa.

Alirudi Pinga hali ilipotulia. Miaka baadaye, vita vilipofika upande wa Mweso, ilikuwa zamu ya mdogo kutembea barabara ile kuja huku. Kibanda chake kiliporwa hadi mlango. Mabati, mashine ya kaseti, kibao chenye jina, vyote vilikwenda. Sasa wanakaa wote wawili hapa sokoni Pinga, vichwa viwili vyenye mvi juu ya meza moja, na bado hawakubaliani kuhusu Bimi Ombale.

Tarehe 24 Aprili 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akiimba, akafa. Siku hiyo kibanda hiki hakikufanya kazi, kilipiga muziki tu. Meridjo Belobi, mtu wa ngoma, alifariki 2020. Mwaka 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. N'Yoka Longo bado anaongoza bendi ambayo Desemba 2019 ilitimiza miaka 50.

Msichana aliyeuliza swali lile alisikiliza yote hayo huku simu yake ikifika nusu ya chaji. Familia yake imekwisha kuhama mara tatu. Baba yake yuko upande mwingine wa mstari wa vita, na kaka zake wametawanyika. Aliuliza tena, kwa sauti ndogo: "Sasa wakirudi, nani atakuwa mwenye nyumba?"

Mkubwa hakuwa na jibu. Mdogo ndiye aliyesema: "Yule atakayefungua mlango."

Siku hizi habari za mapigano zinasikika tena, na sokoni kila mtu anawaza cha kubeba. Jana jioni ndugu hao walikuwa wanafanya kazi ndogo isiyo na malipo. Walinunua kadi mbili za memori. Kwenye simu ya mjukuu walinakili nyimbo zote walizonazo, kadi zote mbili sawasawa: Pauline ya zamani ya Papa Wemba, miaka ya Manuaku, Nippon Banzai, Familia Dei, hadi za sasa. Moja ya mkubwa, moja ya mdogo. Mkubwa ameishona yake ndani ya ukosi wa shati.

Mdogo alitaka Familia Dei zitangulie kwenye orodha. Mkubwa alikataa. Giza lilipoingia na sola kunyamaza, walikuwa bado wanabishana.