Ardhi Isiyoachwa Uchi: Mashamba ya Nyumbani ya Embu na Meru

Mtu asafiriye kwa njia kuu kutoka Embu mjini kwenda Meru, akipitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, huwa na Mlima Kenya upande wake wa kushoto, na nchi ya joto ya Mbeere na Tharaka chini upande wa kulia. Njia hiyo hupanda na kushuka mara kwa mara, maana mito itokayo mlimani, kama Thuci na Nithi, imechimba mabonde marefu. Mgeni akitazama kando ya barabara aweza kudhani kwamba apita msituni. Lakini akiangalia vizuri ataona kuwa msitu huo una milango, mazizi na vijia, na kila mti una mwenyewe. Hayo ndiyo mashamba ya nyumbani ya watu wa sehemu hizi.

Shamba la namna hii limepangwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa husimama miti mirefu, kama muringa, ambao ni mti wa asili, na mukima, ulioletwa kutoka Australia. Chini yake ni migomba, miparachichi na mimakadamia. Chini ya hiyo ni mibuni, na ardhini kabisa hutambaa viazi vitamu, maboga na maharagwe. Bondeni, penye maji, hupandwa majimbi, ambayo wengi huyaita nduma. Mpango huu una sababu. Udongo mwekundu wa huko una rutuba, lakini mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali. Mvua kubwa ikiupiga udongo ulio uchi, huuchukua mpaka mtoni, wala haurudi tena. Ikiangukia majani kwanza, hufika chini pole pole na kuzama.

Mwaka wa mkulima wa huko una misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Katika sehemu za chini, watu huitegemea zaidi mvua ya vuli. Kwa hiyo mwezi wa Septemba si mwezi wa kukaa kitako. Samadi hutolewa zizini na kupelekwa shambani, matuta yaliyobomoka hutengenezwa, na mikima hupunguzwa matawi hata ibaki kama nguzo. Matawi huwa kuni, majani hutandazwa chini ya mibuni, na mti wenyewe huchipuka tena. Hivyo mwangaza huifikia mimea michanga wakati ule ule inapouhitaji.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mahindi na maharagwe hupandwa bila kukawia, kwa kuwa anayechelewa huenda mvua ikamwacha njiani. Palizi hufuata mara. Na hapo ndipo kazi zinapogongana, kwa sababu mavuno makubwa ya kahawa nayo huja katika miezi hiyo hiyo ya Oktoba mpaka Desemba. Buni zilizoiva hazingoji. Sharti zichumwe na kupelekwa kiwandani kwa chama cha ushirika siku ile ile. Nyumba nzima huamka alfajiri.

Januari na Februari jua huwa kali. Sasa ndipo shamba linapoonyesha busara ya aliyelipanga. Maharagwe yamekwisha kuvunwa, lakini ndizi hazina msimu mmoja, nduma ziko bondeni, na viazi vikuu vimelala ardhini. Kwa desturi ya wazee viazi hivyo vilipandwa na wanaume, na mizabibu yake hupanda juu ya mti ulio hai. Vyaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka mmoja bila kuharibika, vikingoja siku ya haja. Ni ghala lisilohitaji mlango wala kufuli.

Ng'ombe naye ana kazi yake katika mzunguko huu. Hufungwa zizini, akakatiwa mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za matuta. Katika miaka ya 1990, wataalamu waliofanya majaribio Embu waliwafundisha wakulima kupanda kaliandra kando ya mipaka. Ilionekana kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Majani huwa maziwa na samadi, na samadi hurudi shambani ikawa majani tena.

Si kila wakati mchanganyiko huu uliheshimiwa. Waafrika wa Meru na Embu waliporuhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, sheria ilikuwa kali: mibuni ikae peke yake, wala pasionekane maharagwe wala mgomba kati yake. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 mashamba ya kahawa yaliongezeka sana, na fedha zake zilisomesha watoto wengi. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa kuhusu kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Aliyekuwa na kahawa tupu alibaki na miti isiyolika. Aliyekuwa na migomba, nduma na ng'ombe alipata hasara pia, lakini chungu chake hakikukauka. Tangu hapo wengi wamepanda migomba kati ya mibuni.

Leo jaribu ni jingine. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hata mengine hayafiki ekari moja. Kijana apewapo kipande kidogo hushawishika kukata kila kitu ili apande zao moja lenye bei nzuri mwaka huo. Wengine walipanda mikaratusi mabondeni mahali pa nduma, na mti huo hunywa maji mengi. Hata mwaka 2009 serikali iliamuru ing'olewe karibu na mito na chemchemi. Wahenga walisema, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kipande kikiwa kidogo, ndipo kinapotakiwa kulimwa kwa ghorofa, si kwa zao moja.

Basi, kabla ya kuushika mti kwa shoka, yafaa mwenye shamba ajiulize maswali matatu: kitu gani kitaufunika udongo huu mvua itakapokuja? Nyumba itakula nini mwezi wa Februari? Na bei ya zao jipya ikianguka, ni nini kitakachobaki? Shamba lenye majibu ya maswali hayo, hata likiwa dogo, ni urithi wa kutosha kumwachia mtoto.