Baada ya Ijumaa, Itaewon

Tulipotoka Swala ya Ijumaa katika Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, tuliteremka kilima cha Itaewon hadi mgahawa mdogo wa Mpakistani na mkewe Mkorea. Kwa miezi kadhaa wanetu walikuwa wakila wali mtupu shuleni, wenzao wakila bulgogi. Tukauliza kwanza, kwani nyama hiyo aghalabu hulowekwa kwa mvinyo wa mchele. Mama yule hakuchukia. Alituletea chupa zake za viungo, moja baada ya moja, na peasi alizozitwanga badala ya mvinyo. Ikaja bulgogi imeviringishwa katika chapati, pamoja na kimchi kali kuishinda achari ya kwetu. Bei ilikuwa ya kawaida. Kitindamimba wetu akaomba ya pili, nasi tukasahau kumkanya.