Mbuzi wa Elfu Thelathini

Watoto wengi wa kwetu Masakta, wilayani Hanang, hukutana na aljebra wakiwa safarini kati ya lugha tatu. Nyumbani huzungumza Kiiraqw. Shule ya msingi huwafundisha hisabati kwa Kiswahili, na huko ndiko wanakojua mlinganyo, mabano na namba hasi. Wakiingia kidato cha kwanza, mambo yale yale hurudi kwa Kiingereza, kana kwamba ni mageni kabisa.

Mpwa wangu yuko katika safari hiyo. Likizo ya Juni nilipokwenda nyumbani alikuwa kidato cha pili, na upimaji wa kitaifa ulikuwa unakaribia. Mama yake aliniambia, "Kaka, hesabu zinamshinda mtoto, na pesa ya tuisheni sina. Simu yako ni nzuri. Mtafutie msaada huko mtandaoni." Dada yangu alihofia binti atarudia darasa, na hofu yake ina msingi. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne nchini walikuwa kama asilimia 20 tu. Mwaka uliofuata walifika kama asilimia 25. Maana yake, hata baada ya kupanda huko, watahiniwa watatu kati ya wanne walishindwa.

Basi nikaanza kutafuta. Mtandao una vingi, na bando la kijijini ni dogo. Video chache tu zinamaliza fedha ya wiki nzima. Ilibidi nichague, na ili nichague ilinipasa kwanza nijue mtoto amekwama wapi. Nilimpa mlinganyo huu: 5 − 2(x − 3) = 1. Akafungua mabano akaandika 5 − 2x − 6 = 1, na mwisho akapata x = −1. Kanuni ya kufungua mabano aliijua, ila ile alama ya hasi iliyo mbele ya 2 aliisahau alipofika kwenye 3. Hasi mbili kwa hasi tatu ni chanya sita, kwa hiyo jibu ni x = 5.

Zipo programu ambazo mwanafunzi hupiga picha swali, nazo zikamletea jibu na hatua zake zote. Tulijaribu moja. Jibu lilikuja mara moja, likiwa sahihi, naye akalinakili kwa mwandiko mzuri. Nilipompa swali jingine la namna ile ile, alikosea pale pale. Programu ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Mtoto ndiye aliyekuwa hajafanya kazi yoyote.

Msaada mkubwa tuliupata mahali ambapo wengi huenda kutazama matokeo tu. Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi, somo kwa somo, za kidato cha pili na cha nne. Humo mna maswali yaliyoulizwa, mifano ya majibu mazuri na mabaya, na maelezo ya kwa nini wengi walikosea. Mpwa wangu alipoona makosa ya wenzake yameandikwa pale kwa mkono wao, alicheka, kisha akanyamaza akasoma. Alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake asiyeelewa.

Kwa kusoma somo lenyewe, maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bure, na Shule Direct, iliyoanzishwa na Mtanzania Faraja Nyalandu, ina maelezo yanayofuata muhtasari wetu. Kwa mazoezi, Khan Academy inafaa, kwa sababu humwachia mwanafunzi ajibu mwenyewe kabla ya kumwonyesha njia. Kazi hiyo ilianza mwaka 2004, Salman Khan alipokuwa akimfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa akiishi mbali. Yaani hata chombo kile kikubwa kilianza na ndugu mmoja aliyemsaidia mtoto wa ukoo.

Hata hivyo, simu haikutosha. Jioni moja nilimtungia swali la mnadani, tena kwa Kiswahili. Mtu ameuza mbuzi wanne kwa bei moja, akanunua gunia la mahindi kwa shilingi 80,000, akabaki na 200,000. Mbuzi mmoja aliuzwa bei gani? Aliandika vizuri 4x − 80,000 = 200,000. Kisha akatoa 80,000 badala ya kuijumlisha, akapata 30,000.

Mama yake alikuwa akichambua maharage pale karibu. Akasema, "Mbuzi wa elfu thelathini? Nionyeshe anauzwa wapi nikamnunue leo." Binti akarudi kwenye karatasi bila kuambiwa, akakuta 4x = 280,000, na mbuzi akawa wa 70,000.

Hapo nikamweleza neno aljebra lilikotoka. Katika karne ya 9, huko Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika juu ya al-jabr, neno la Kiarabu lenye maana ya kurudisha kitu katika hali yake, kama mtu anavyounga mfupa uliovunjika. Kilichotolewa upande mmoja unakirudisha kwa kukijumlisha pande zote mbili. Zile 80,000 zilitoka mfukoni mwa muuzaji. Ukitaka kujua alipata ngapi, zirudishe.

Ndugu msomaji, kama una mdogo wako au mwanafunzi anayehangaika, usianze kwa kumtumia viungo kumi vya mtandaoni. Keti naye kwanza, umwache afanye swali moja mbele yako, uone kalamu inapoteleza. Kisha mtafutie kitu kimoja kinachogusa pale pale. Kipakue ukiwa mjini, ukifikishe kijijini kikiwa tayari kwenye simu. Kwa shule yenye kompyuta hata moja, ipo Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo, yakiwemo ya Khan Academy, ili yasomwe bila intaneti. Mwanafunzi akipata jibu, afundishwe kulirudisha kwenye swali aone kama linakubali. Anayejua kujipima hivyo ataweza kusoma hata siku ambayo bando limekwisha na mjomba amesharudi seminarini.