Kuuguza

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, lakini mwaka 2020 niliona jambo dogo uani kwetu, karibu na Gede, lililonifunza maana ya kitenzi nilichodhani nimekwisha kukielewa darasani. Niwie radhi, ndugu msomaji, kwa kuwa mwalimu wangu katika kisa hiki ni kifaranga wa bata.

Vyuo vikuu vilifungwa mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia au kutoka katika Kaunti ya Kilifi. Nilikuwa nimerudi nyumbani na mkoba wa vitabu, nikamkuta mama peke yake. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, nami nikiwa masomoni.

Mama alikuwa amemwekea kuku mayai ya bata ayaatamie. Bata tuliokuwa nao ni wale ambao asili yao ni Amerika Kusini. Mayai yao huchukua takribani siku 35 kuanguliwa, ilhali ya kuku ni siku 21. Kuku yule alizivumilia siku zote za ziada, na vifaranga watatu wakatoka. Mvua kubwa ya masika ilipoanguka, walikimbilia dimbwi kama walioitwa, mama yao mlezi akabaki ukingoni akilia. Manyoya ya kifaranga aliyelelewa na kuku hayazuii maji vizuri, kwa kuwa hapati mafuta ya manyoya ya mama bata. Wawili walikufa kwa baridi usiku huo. Wa tatu alinusurika, lakini baada ya siku chache miguu yake ilianza kupinda, akawa anajikokota kwa kifua.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo mjini Malindi. Aliuliza tunamlisha nini. Nikamjibu: unga wa sima. Akanieleza kuwa bata mchanga huhitaji niasini, aina mojawapo ya vitamini B, kwa wingi kuliko kifaranga wa kuku. Mahindi yanayo, lakini imefungika kiasi kwamba mwili hauipati sawasawa. Ndiyo sababu hata binadamu anayeishi kwa mahindi matupu anaweza kupatwa na maradhi ya pelagra. Nilikwenda Malindi, nikanunua unga wa vitamini, nikarudi mbio kabla ya saa 1 jioni. Nikautia dawa ndani ya maji, nikaweka bakuli karibu na mgonjwa, kisha nikaenda zangu kusoma.

Siku ya pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Mama alitazama bakuli lililojaa pomoni, akanitazama na mimi.

“Mwanangu,” alisema, “umemtibu, lakini hujamuuguza.”

Kifaranga hakuwa na nguvu za kulifikia bakuli. Tangu siku hiyo nilianza kazi upya. Nilimtwangia dagaa nikamlisha kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Nilimnywesha kwa kuliinamisha bakuli mbele yake, maji yakiwa na kina cha kuosha pua, kwani bata asiposafisha pua hupata taabu. Nilimuogesha kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha kwa kipande cha leso, nikamlaza ndani ya katoni kando ya kandili. Usiku niliamka kila aliponyamaza, kwa kuwa kimya chake kilinitisha kuliko kilio chake.

Ni katika usiku mmojawapo nilipokumbuka mtihani wa mofolojia. Tulitakiwa kuandika vitenzi katika kauli ya kutendesha. Niliandika: lala, laza; pona, ponya; ugua, uguza. Nikapata alama zote. Lakini kwa kanuni ile, kumuuguza mtu kungekuwa kumfanya augue, na hakuna Mswahili anayelielewa neno hivyo. Kuuguza kunakaribiana zaidi na kulisha, kunywesha na kuogesha: tendo ni la mgonjwa, ila mikono ni ya mwingine. Kumuuguza mtu, nionavyo mimi, ni kumsaidia kuugua, ili asiubebe ugonjwa wake peke yake. Wanaisimu watanisahihisha nikiwa nimekosea.

Baba alipougua mwaka 2018, nilituma fedha za dawa na kuuliza kwa simu kama amepata nafuu. Kitenzi kile nilikiandika kwenye karatasi ya mtihani wiki ile ile ambayo mama alikuwa akikitenda. Kwa mara ya kwanza, tukiwa wawili mbele ya kandili, nilimuuliza zile siku za mwisho zilikuwaje.

“Usiku aliomba maji mara nyingi,” alisema. “Nikimpa, hulowesha midomo tu. Hakuwa na kiu. Alitaka kujua kama kuna mtu.”

Sikuwa na la kujibu. Kifaranga alilia ndani ya katoni, nikainamisha bakuli.

Marufuku ya kusafiri ilipoondolewa mwezi Juni, bata wetu alikuwa akitembea uani nyuma ya kuku yule yule. Mguu wa kulia umebaki na kombo mpaka mwisho, na watoto wa jirani walimcheka kwa mwendo wake. Mama hakucheka. Alisema mwendo ule una hesabu ya usiku wetu.

Kuponya hatukujaliwa sote. Wako wenye taaluma yake, na juu yao yuko Mola. Kuuguza kumeachiwa yeyote aliye karibu. Siku hizi nikiambiwa kwa simu kuwa nyumbani kuna mgonjwa, siulizi kwanza kama amepata nafuu. Nauliza ni nani anayelala karibu naye.